Mshono wa Saba

Watu huniita Redio, na sitabishana nao. Neno likiingia sikioni mwangu asubuhi, mchana liko kwa muuza mkaa, na jioni limenirudia limenenepa. Nimetangulia kulisema mwenyewe msije mkaambiwa na wengine, kwa sababu habari ninayowapa ni ya wifi yangu, na katika habari hiyo mdomo wangu una kesi ya kujibu.

Mtaani walimwita Mashoto. Mkono wa kushoto ndio aliokatia nguo, ndio aliochotea maji, na ndio aliopigia watu. Kupiga alikujua. Wiki ya tatu ya ndoa yao kaka yangu alirudi amelewa akamzaba kofi, nami nilikuwepo, na nilifurahi, Mungu anisamehe, maana bibi harusi alikuwa ameshaniambia kwamba nina mdomo kama bomba bovu. Mashoto aliweka sufuria chini taratibu. Akachukua pasi ya mkaa, bahati nzuri ilikuwa imezima, akampiga nayo begani hadi mfupa ukaitika. Kaka alifungwa bandeji wiki sita. Tangu siku hiyo akamwita Afande, kwanza kwa utani, baadaye kwa mapenzi kabisa, na hakumgusa tena. Mimi niliendelea kumchukia kwa miaka minane.

Wote wawili walifanya kazi kiwanda cha sare, kile cha kitambaa cha bluu. Kaka alilisha kuni kwenye boila, Mashoto alikuwa mstari wa kola. Asubuhi moja boila lilipasuka. Ukuta ukaenda, paa likaenda, watu wanne wakaenda nao, na kaka yangu tulimtambua kwa mkanda wa suruali. Wenye kiwanda hawakuja hata mazikoni. Walifunga lango kwa mnyororo, wakaweka walinzi wenye marungu, wakapotea.

Siku ya kumi na tano Mashoto alitoka nyumbani amejitwika benchi walilokalia waliokuja kutupa pole. Nikadhani analirudisha tulikoliazima, nikamfuata. Kumbe wanawake ishirini wa mistari ya kushona walikuwa wakimngoja kona, na benchi hilo ndilo lililovunja lango la kiwanda. Mlinzi mmoja alimpiga rungu la mdomo. Nilimwona kwa macho yangu akitema meno mawili kama mbegu za chungwa, kisha akamrukia yule mlinzi na kumng'ata sikio kwa yale yaliyobaki. Tulitoka na marobota kumi na moja ya kitambaa cha bluu, na damu juu yake, nyingine yetu, nyingine yao. Siku hiyo ndipo nilipoacha kumchukia. Nilihamia chumbani kwake, yeye akawa anashona, mimi napiga pasi na kutia vifungo.

Lakini nani alikuwa na hela ya kushonesha? Kiwanda kilipokufa, mtaa ulikauka. Ajabu ni kwamba kazi hazikuisha. Viatu viliendelea kutoboka, kuta kubomoka, watoto kuzaliwa na kuumwa. Na mafundi wa yote hayo walikuwa vibarazani wanatazamana. Mwashi alikuwa na viatu vilivyotoboka, fundi viatu alikuwa na ukuta uliolala, na katikati yao hapakuwa na hata sarafu moja ya kuanzisha mazungumzo.

Mashoto aliwaita chumbani kwetu, wakajaa hadi mlangoni. Alikuwa amekata kitambaa cha bluu vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvipinda ukingo.

"Hiki ni kiraka," alisema. "Kiraka kimoja ni saa moja ya kazi. Ukinifanyia kazi saa moja nakupa kiraka, nawe ukanunue saa ya mwingine. Basi."

Mwalimu wa hesabu akainuka, miwani kwenye ncha ya pua. "Mimi nimesoma miaka kumi na sita. Saa yangu italinganaje na ya mchimba vyoo?"

"Mwalimu, saa yako ina dakika ngapi?"

"Sitini."

"Na yake?"

Watu walicheka hadi mchimba vyoo akapiga meza kwa ngumi na meza ikavunjika. Mwalimu alitoka amenuna. Alirudi baada ya miezi miwili, choo chake kilipojaa.

Na viraka vilitembea, jamani. Muuguzi alifunga kidonda cha mwashi, akapata viraka akaezekea nyumba, mwezekaji akasomeshea binti yake hesabu kwa yule yule mwalimu aliyenuna, naye mwalimu akaniletea mimi mashati ya kupiga pasi. Kiraka kimoja niliwahi kukitia doa la chai, kikanirudia baada ya siku tisa kimepita mikononi mwa watu ambao sikuwa nasalimiana nao. Watu walioanza kudharauliana kwa njaa wakaanza tena kuulizana hali.

Mashoto aliweka sheria moja zaidi. Kila mwaka rangi ya uzi inabadilika, na kiraka cha uzi wa zamani hakipokelewi tena. Anayekuwa navyo avitumie kabla ya mwaka kuisha. "Hela iliyolala chini ya godoro haijamjengea mtu ukuta," alisema. Mwaka wa kwanza uzi ulikuwa mwekundu.

Jioni moja tukishona nikamuuliza, "Wifi, mtu akiiga je?"

Alinitazama kwa muda mrefu hadi nikajikagua kama nguo yangu imechanika. Kisha akainuka, akafunga mlango, akanipa kiraka. "Hesabu mishono kuanzia kona." Nikahesabu. Wa saba haukuwepo, alikuwa ameuruka, na uzi pale ulikuwa mrefu kidogo kuliko kwingine. Alikuwa akipinda ukingo kwa mkono, si kwa cherehani, kila kiraka. "Anayejua ni mimi," akasema, "na sasa wewe. Usimwambie mtu."

Nani aliwahi kuniamini mimi na siri? Mama yangu mwenyewe alikuwa akinyamaza nikiingia. Nililia usiku ule kwa furaha, na nikaapa. Nilikaa na siri ile kama mtu aliyemeza kaa la moto. Ilipozidi nilikwenda uani nikamwambia jogoo, na Jumapili nikamchinja. Binadamu hakuna niliyemwambia.

Sasa, kwenye kona ya mtaa kuna duka kubwa, na mwenye duka tunamwita Jumla. Mwanzoni alipokea viraka vyetu kwa chumvi na sabuni, tukamsifu. Kumbe havitumii, anavijaza kwenye gunia. Alitaka mtaa uishiwe viraka, halafu atuuzie hivyo hivyo kwa fedha taslimu. Tulimwambia habari ya uzi, akadhani ni utani wa wanawake. Mwaka ukaisha, uzi mwekundu ukawa wa manjano, na Jumla akaja analiburuta gunia lake hadi mlangoni petu, jasho linamtoka.

"Nina gunia zima hapa!"

"Una gunia la matambara, mzee. Nilikwambia tangu mwezi wa tatu."

"Hela haiozi!"

"Yako haiozi," Mashoto alisema, sindano mdomoni. "Yetu inaoza kama nyanya. Ndiyo maana tunaigawa ingali nzuri."

Chumba kilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nadhani ile hasara angeimeza. Kicheko chetu hakukimeza, na nilikiona kimemkaa kooni wakati anainama kuokota gunia lake.

Mwezi haukuisha, viraka bandia vikaingia. Kitambaa kilikuwa cha bluu ile ile, mabaki ya kiwanda, na uzi wa manjano. Sisi tulikuja kujua siku ambayo fundi viatu alimlipa mwashi. Hawa walikuwa marafiki tangu wakichunga mbuzi. Mwashi alikuwa amemjengea ukuta kwa siku tatu. Alipeleka viraka kwa muuza unga, muuza unga akavileta kwa Mashoto maana vilimtia shaka, na Mashoto akasema hivi si vyangu. Mwashi hakungoja maelezo. Alirudi mbio kwa rafiki yake akamkaba koo hapo hapo kibandani, akimwita mwizi, na fundi viatu, ambaye hakuiba kitu, ambaye alilipwa vile vile bandia na mtu mwingine, akapapasa mezani akashika msharasi wa kutobolea ngozi. Akauchomeka kwenye jicho la mwashi.

Tulifika jicho limeshatoka. Mwashi alikuwa akizunguka na mikono usoni, anagonga meza za watu, nyanya zinamwagika, na fundi viatu amesimama na msharasi wake anasema, "Nani kanisukuma? Nani kanisukuma?" wala hakuna aliyemsukuma. Mashoto alikaa chini matopeni na nguo zake nzuri. Sijawahi kumwona amekaa vile, hata siku ya mkanda wa suruali.

Kesho yake aliweka meza katikati ya soko. Kila mtu alileta viraka vyake, naye anakishika kimoja, anakitazama kwa muda wa kupepesa jicho, na kusema "changu" au "bandia." Bandia zikachomwa pale pale. Jioni soko lilikuwa safi. Lakini watu wa Jumla walikuwa wamesimama pembeni wakitazama, na mtu yeyote mwenye akili angejua wanachojiuliza: huyu mwanamke anaona nini?

Walikuja alasiri, mtaa mzima ukiwa kazini. Walikuwa wawili. Mmoja alivaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, na mwingine alikuwa na sauti ya upole, akatuamkia vizuri kabisa na kufunga mlango. Mwenye koti alinishika nywele kwa nyuma akanipigisha magoti. Mpole akamkalisha Mashoto kwenye kiti chake cha kushonea, akauchukua mkono wake wa kushoto akaulaza mezani, pale tunapokatia nguo, na akatoa nyundo.

"Dada, tunataka alama tu. Alama iko wapi?"

Mashoto akamtukana kwa kumtajia mahali ilipo, na si mahali ninapoweza kupataja. Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo.

Sauti yake siwezi kuisahau. Sisemi ya Mashoto, yeye aliguna tu kama mtu anayenyanyua gunia. Nasema ya kidole.

"Dada, tuulize mara ngapi?"

Mashoto alinigeukia mimi. Uso wake ulikuwa wa majivu, jasho linadondoka kidevuni, na akanifokea, "Redio! Maisha yako yote hujawahi kulala na neno tumboni! Leo ndiyo betri imekwisha?"

Nikajua ananidharau. Hata sasa, nikasema moyoni, hata hapa anadhani nitapayuka. Hasira ilinipanda kuliko hofu. Nikauma midomo. Nyundo ikashuka kwenye kidole cha pili.

"Sema basi, wewe kasuku!" alipiga kelele. "Mbona mtaani husimami?"

Nikamtazama machoni, nikatikisa kichwa. Nilitaka ajue kwamba mtu aliyemwamini hakukosea. Nilijisikia mkubwa, nawaambieni ukweli, nilijisikia mkubwa na damu ya wifi yangu inafika magotini pangu. Nyundo ikashuka mara ya tatu, na safari hii Mashoto hakufoka. Kichwa chake kilianguka kifuani, na mpole akaanza kukinyoosha kidole cha nne, cha shahada, ambacho alihamishia pete ya kaka yangu alipofiwa.

Nikavunjika. "Mshono wa saba!" nililia. "Anauruka! Hesabu kuanzia kona, anauruka wa saba!"

Mpole aliokota kiraka mezani, akahesabu, akatabasamu. "Asante, dada." Waliondoka na kufunga mlango kwa adabu.

Muuguzi alimfunga vijiti na bandeji, akaniambia kando kwamba vidole viwili huenda visikunjike tena. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimsuka nywele, na kwa wiki tatu hatukuligusa neno lile. Mtaa uliuliza, nikasema majambazi. Wakasema mbona Redio siku hizi haina habari. Nilikuwa nangoja tu viraka bandia vyenye mshono ulioruka viingie sokoni, mtaa ufe, na jicho la pili la mtu litoke, nami nijue ni mdomo wangu uliolitoa.

Vikaja. Siku ya soko wale wawili waliingia na mkokoteni na mfuko umejaa, wakaanza kununua unga, maharage, kuku, kazi za watu, kila kitu, wanalipa bila kubembeleza bei. Muuza unga akawapeleka kwenye meza ya Mashoto, kama ilivyokuwa desturi sasa. Nilikuwa nyuma yake. Niliviona. Nikahesabu kwa macho kuanzia kona, na wa saba haukuwepo.

Mashoto alishika kiraka kwa mkono wa kulia. Akakigeuza.

"Bandia," alisema. Akashika kingine. "Bandia." Na kingine. "Bandia."

Mwenye koti la mvua akaruka. "Bandia vipi? Hesabu vizuri, mama! Wa saba umerukwa! Hesabu!"

Soko zima likamgeukia. Hakuna mtu pale aliyewahi kusikia habari za wa saba. Mashoto akainua mkono wake wa kushoto, ule wa bandeji, juu kabisa, watu wote wauone, na akasema kwa sauti ya kawaida, "Na wewe habari za wa saba ulizipatia wapi?"

Wa kwanza kufika alikuwa mwashi. Kwa jicho lake moja alimpiga mwenye koti kwa ubao wa kusawazishia plasta, na taya likahama upande. Wa pili alikuwa fundi viatu. Watu wawili ambao hawakuwa wamesemezana tangu siku ya msharasi walisimama bega kwa bega wakipiga mtu mmoja, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Mpole alijaribu kupita chini ya mkokoteni, wanawake wakamvuta kwa miguu, na mwalimu wa hesabu, mwenye miaka kumi na sita ya shule, alikuwa akimpiga mateke ya mbavu na kuhesabu kwa sauti. Mimi nilipiga pia. Nilimpiga na kiatu hadi kisigino kikatoka, na kama si Mashoto wangekufa pale.

"Acheni!" alipiga kelele. "Maiti hachimbi mtaro!"

Walivihesabu vile viraka. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, na kiraka ni saa moja, kwa hiyo saa mia mbili na kumi na nne. Wale wawili walichimba mtaro kutoka sokoni hadi bondeni, mwenye koti taya limefungwa kitambaa, mwashi amekaa juu ya tofali anawasimamia. Mtaro upo hadi leo na haujawahi kuziba. Jumla alisema hawajui watu hao, hajawahi kuwaona, na naye bado yupo. Ananiuzia chumvi. Anapokea viraka, na siku hizi anavitumia kabla uzi haujabadilika.

Jioni ile tulirudi chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele yake mahali pale pale.

"Wifi, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema."

"Najua ulisema. Nilikuwepo."

"Lakini ule mshono... ulikuwa wa uongo?"

"Alama ya kweli ni nyingine. Ile niliiweka ili iibiwe."

Nikakaa chini kabisa. "Kwa hiyo hukuniamini. Hata siku moja."

"Sikukuamini?" Alinishangaa kweli, nyusi zikapanda. "Mtaa mzima sikuona mdomo wa kuaminika kama wako. Nilijua siku wakija utasema upesi, kabla hawajamgusa mtu. Nilikupa cha kusema, wifi. Nilikupa ukiseme."

Kisha akautazama mkono wake uliolala mapajani, vidole vimesimama kama vya mtu mwingine, na akaniuliza polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua:

"Mbona ulichelewa?"

Siku hizi ninayeshona viraka ni mimi. Yeye hukaa pembeni ananitukana, na ile alama ya kweli alinifundisha kwa mdomo, mlango umefungwa. Ni miaka sita sasa. Watu wameniuliza kwa utani, kwa chai, kwa fedha, wakaishia kusema Redio imeharibika. Na ule mshono wa saba bado tunauruka, kwa sababu mwizi lazima awe na cha kuiba. Kila nikiufikia natoa sindano, nasubiri kidogo, ndipo naendelea na wa nane.